Kurudi kwenye kitochi kwa ajili ya faragha: busara au kujidanganya?

Mpenda_Kimya: Wakuu, simujanja nimeiweka kando, nimerudi kwenye kitochi. Si suala la chaji wala bando. Nimechoka na programu ya tochi inayoomba ruhusa ya kusoma majina ya watu wangu. Tochi! Halafu nakumbuka Cambridge Analytica, ile kampuni ya ushauri wa siasa, walivyochota data za watu wa Facebook, hadi milioni 87. Nani mwingine amerudi nyuma, na anaishije?

Fundi_Antena: Hongera, ila umehama chumba tu, nyumba ni ile ile. Kitochi nacho lazima kishike mnara, kwa hiyo kampuni ya simu inajua uko eneo gani na unaongea na nani. SMS zako zinapita kwao zikiwa wazi. WhatsApp tangu 2016 ujumbe unafungwa kwako, unafunguliwa kwa mpokeaji. Wewe umeacha mlango wenye kufuli. Na kuna Mjerumani alishavunja usimbaji wa 2G, mtandao wa zamani wanaotumia vitochi vingi, 2011 kama sikosei.

Dada_Zuhura: Mimi ya minara siyajui. Nauliza tu, mwanamume mzima anayetafuta simu isiyotunza kitu anamkimbia nani? Facebook au mkewe?

Mpenda_Kimya: Dada Zuhura, nimetaja mke wapi?

Kobe_Mwendo: Hujamtaja, ndiyo maana tunauliza 😂

Mpenda_Kimya: Kitochi changu kinalala mezani, hakina hata nywila. Anayetaka kusoma asome. Nani hapa anaweza kuiacha simujanja yake hivyo?

Dada_Zuhura: Hakina nywila kwa kuwa hakina kitu. Wenye mambo yao huwa na simu mbili. Ya mezani ni ya maonyesho.

Binti_Sayari: Jamani mmemfungulia mtu kesi ya ndoa. Kinachonisumbua mimi ni kingine. Hata ukitumia kitochi, namba yako na jina lako vimo kwenye simu za wote wanaokufahamu, nao waliziruhusu programu zisome kila kitu. Umejitoa wewe, ndugu zako wamekuacha humo humo.

Mzee_Hesabu: Fundi, huyo ni Karsten Nohl, na ni mwishoni mwa 2009. Mwaka 2014 yeye na Tobias Engel wakaonyesha matundu ya SS7, mfumo unaounganisha kampuni za simu, yanayomgusa hata mwenye simujanja akipiga simu ya kawaida. Ungekuwa mkweli ungelisema na hilo.

Fundi_Antena: Ningekuwa mkweli? Nimeteleza mwaka mzee wangu, nimekuwa mwongo?

Mzee_Hesabu: Miaka miwili.

Fundi_Antena: Haya, miwili. Hoja yangu imekufa?

Mzee_Hesabu: Haijakufa, inachechemea. Pegasus, ile programu ya ujasusi, imeingia kwenye simujanja za watu bila wao kubofya chochote. Kwenye kitochi itakaa wapi?

Kobe_Mwendo: Mzee, Pegasus wanatumiwa waandishi wa habari na wanaharakati. Nani agharamie mtambo ule amsikilize Mpenda_Kimya akibishana na shemeji?

Mpenda_Kimya: Shemeji yupi tena?

Dada_Zuhura: Ameanza kutokwa jasho.

Msomaji_wa_Pembeni: Vitochi vyenyewe msiviamini kihivyo. Mwaka 2021 mtafiti mmoja wa Urusi alipima vitano, vingi vikawa vinatuma SMS au taarifa vyenyewe kimya kimya. Na vipo vyenye KaiOS, mfumo wa kuendesha vitochi, vilivyokuwa na hadi WhatsApp ndani kabla haijaondolewa. Kwangu mimi kitochi kinakupunguzia watangazaji, kampuni ya simu hakikupunguzii hata kidogo. Kwa hiyo Mpenda_Kimya atuambie, anajificha kwa nani hasa?

Dada_Zuhura: Si ndiyo swali langu tangu mwanzo!

Msomaji_wa_Pembeni: Hapana dada, sikuwa na maana hiyo.

Mpenda_Kimya: Zuhura, wewe simu ya mumeo unapekua?

Dada_Zuhura: Sipekui. Naangalia saa.

Mama_Wawili: Mimi na mume wangu kila mmoja anajua nywila ya mwenzake. Simu yake nashika, yangu anashika, hatujawahi kugombana. Faragha ya nini watu mnaolala chumba kimoja?

Binti_Sayari: Mama, na marafiki zako wanaokuandikia siri zao? Wao waliridhia mumeo asome?

Mama_Wawili: Marafiki zangu hawana siri.

Kobe_Mwendo: Na ile simu yake ya pili, nywila yake nayo unaijua?

Mama_Wawili: Simu gani ya pili?

Kobe_Mwendo: Basi mama, yaishe. Fundi, endelea na minara.