Hans Herren na kidung'ata wa muhogo: kwa nini nyigu, si dawa?

Mdadisi: Ndugu zangu, nimesoma kwamba Hans Herren, mtaalamu wa wadudu kutoka Uswisi, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995 kwa kuunusuru muhogo wa Afrika dhidi ya kidung'ata, mdudu mdogo mgeni anayefyonza utomvu wake, kwa kuleta nyigu bila kunyunyizia dawa. Kinachonitatiza ni hiki: anayeleta mdudu mgeni ili amwangamize mgeni mwingine hujuaje kwamba huyo wa pili naye hatageuka balaa?

Pingili: Swali lako lina msingi. Kidung'ata alionekana Zaire (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaenea upesi kwa sababu hakukuta adui wa kumzuia. Akishafyonza utomvu, ncha za shina hujikunja, majani machanga hudumaa, na mkulima hukosa hata pingili nzuri za kupanda. Herren alijiunga na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki iliyoko Ibadan, Nigeria, mwaka 1979, akiamini kwamba kwa kuwa muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, adui wa mdudu huyo atafutwe huko huko. Aliyefaa ni nyigu mdogo sana, Anagyrus lopezi, ambaye hutaga yai ndani ya kidung'ata, na buu humla kwa ndani mpaka libaki ganda kavu. Mahindi na maharage hayamhusu, kwani buu wake hukulia ndani ya kidung'ata. Hata hivyo, kabla ya kuachiwa Nigeria mwaka 1981, nyigu hao walipitishwa karantini Uingereza, yaani walitengwa na kuchunguzwa kwanza.

Mwanashamba: Naongezea jambo ambalo husahaulika. Katika msako wake wa awali Herren alikuta kidung'ata anayefanana mno na wa Afrika, kumbe ni aina nyingine yenye madume, ilhali wa Afrika huzaana majike matupu. Aina hiyo iliitwa Phenacoccus herreni, heshima ya ajabu kidogo kwa mtu aliyekuwa akimtafuta mwingine! Kidung'ata aliyekusudiwa alipatikana Paraguay mwaka 1981 na Anthony Bellotti wa CIAT, kituo cha kimataifa cha kilimo cha tropiki kilichoko Kolombia, kwa hiyo si haki kumpa Herren sifa zote.

Mdadisi: Nashukuru. Je, nyigu huyo hufanikiwa kila mahali?

Pingili: Hapana. Kwenye udongo duni wa kichanga vidung'ata hubaki wadogo, na nyigu akikuta kidung'ata mdogo hutaga mayai ya madume, hivyo majike wa kuendeleza kazi hupungua. Shamba la namna hiyo huhitaji matandazo na mboji kwanza.