Sentensi Iliyopigwa Mstari Mwekundu

Binti: Shikamooni nyote. Mjomba, mwalimu ameipiga mstari mwekundu sentensi yangu, “The woman which I met her at the market sells fish.” Kila nikiisoma naona imesema vizuri kwamba mwanamke niliyekutana naye sokoni huuza samaki. Kosa liko wapi?

Mjomba: Marahaba, mpwa wangu. Makosa ni mawili, na kubwa ni hilo “her”. Umeifikiri sentensi kwa Kiswahili, ambacho humrejea mtu mara mbili bila haya: katika “niliyekutana naye”, “-ye-” imekwisha kumrejea mwanamke, kisha “naye” inamrudia. “Kitabu nilichokinunua” nacho kina “-cho-” na “-ki-”. Kiingereza hakivumilii marudio hayo, “whom” ikishasimama badala ya yule mwanamke, nafasi yake baada ya kitenzi huachwa wazi: “The woman whom I met at the market sells fish.” Ukiandika “the book which I bought it”, hilo “it” ni “-ki-” yetu iliyovaa koti la Kizungu.

Shangazi: La pili ni “which”, ambayo ni ya vitu, ilhali watu wana “who” na “whom”. Hapo mtoto ahurumiwe, kwa kuwa kwetu mbwa naye yumo katika ngeli ya A-WA na tunasema “mbwa aliyeniuma”, lakini Kiingereza kwa kawaida humwandikia “which” au “that”.

Bibi: Kumbe Mzungu, kwa mapenzi yote aliyo nayo kwa mbwa, hampi “ambaye”?

Shangazi: Humpa, Mama, iwapo mbwa ana jina na analelewa nyumbani. Wa mtaani ndiye hubaki na “which”.

Binti: Na “jirani ambaye gari lake liliibwa”? Niliandika “the neighbour who his car was stolen”.

Mjomba: Hiyo “who his” huwa “whose”: “the neighbour whose car was stolen”. Zaidi ya hayo, uwe mwangalifu na alama ya mkato. Ukiandika “My brother who lives in Mombasa is a teacher” bila mkato, msomaji ataelewa kwamba una kaka kadhaa na unamtenga huyo wa Mombasa. Ukiandika “My brother, who lives in Mombasa, is a teacher,” ataelewa kwamba unaye mmoja tu, na habari ya Mombasa ni nyongeza inayoweza kuondolewa. Kwenye hiyo ya mikato, “that” haikubaliki.

Binti: Kaka zangu ni watatu na aliye Mombasa ni mmoja, basi siweki mkato.

Kaka: Aliye Mombasa ameyasoma yote, na anawakumbusha kwamba yeye si mwalimu, ni fundi wa majokofu.

Binti: “My brother who lives in Mombasa repairs fridges.”

Mjomba: Hiyo mpelekee mwalimu.