Mawazo ya kuchora mnayatoa wapi? Wiki mbili niko mbele ya kanvasi tupu

BintiTandale:
Wakuu, habari za humu. Naomba msaada kwa mnaochora.

Nina miaka 24, natumia akriliki. Mpaka mwaka jana nilikuwa nanakili picha za mtandaoni, simba na Wamasai jua likizama, na zilikuwa zinatoka. Sasa kuna mteja kanipa kazi ya kanvasi ya mita moja na nusu kwa mita moja. Kasema: "Nichoree soko la Tandale, unavyoliona wewe." Nimekwama hapo kwenye "wewe".

Nimekulia Tandale, lile soko nalijua mpaka harufu. Lakini nikishika penseli linakuja soko la mtu mwingine: akina mama wamegeuza migongo, vitenge vya rangi kali, nyanya za mafungu. Zile picha ambazo zimejaa kila duka la zawadi.

Nasikia wengine mnafanya skechi kwanza. Mimi yangu huwa moja tu, naipiga hapohapo kwenye kanvasi halafu napaka rangi juu. Kweli skechi zinasaidia, au ni kumaliza karatasi? Na wazo mnalipata kabla ya kuchora au mkishaanza?

Kibandiko:
Kula chipsi mayai, lala, wazo litakuja ndotoni. Natania dada, nasubiri majibu na mimi.

MzeeWaBrashi:
Binti, hujambo. Mimi ni mchora mabango. Nilianza Tanga mwaka 1989 kwa kupaka vibao vya vinyozi, vile vya vichwa vitano na namba chini yake. Siku hizi nachora vitabu vya watoto, macho yakikubali.

Hujakosa wazo. Unataka mtoto azaliwe na meno. Kanvasi ya ukubwa huo ni ghali, kila mstari unaoupiga pale una bei yake, basi mkono unaogopa. Mkono ukiogopa unachora kilichokwisha kuchorwa, maana hicho ndicho salama. Igeuzie ukutani usiione.

Tafuta karatasi ya bure. Mimi nachukua ya mfuko wa saruji, ile ya ndani isiyo na maandishi, naikung'uta vizuri naikata vipande. Chora miraba ya ukubwa wa kiberiti, kumi kwa karatasi. Ndani ya kiberiti kitenge hakienei wala nyanya hazienei. Unaweza kuweka giza hapa, mwanga pale, kitu kimoja kikubwa na kingine kidogo, basi. Utajua picha inasimama au inalala kabla hujafungua hata kopo moja la rangi.

Sasa cha kujaza viberiti hivyo hakipo kichwani mwako, kipo sokoni. Mwaka juzi nilikuwa na ukurasa wa kitabu unaotaka mama muuza mihogo ya kukaanga. Nikamchora nyumbani: mnene, anatabasamu, karai mbele. Nikamtazama, nikaona huyu simjui. Jioni nikaenda kituo cha daladala, nikaomba ndoo ya kukalia, nikaanza. Skechi ya kwanza mpaka ya tano ni karai na uso, karai na uso. Ya sita upepo ukavuma. Yule mama akasogeza goti upande unakotoka upepo, akatandaza pindo la kanga likawa ukuta wa jiko. Mkono wa kulia unageuza mihogo, wa kushoto unarudisha chenji, na wala haangalii pesa. Hapo nikaachana na uso kabisa. Skechi ya saba, ya nane na ya tisa ni goti na kanga tu. Kitabuni ikatoka hivyo: goti kubwa, kanga imejaa upepo kama tanga la ngalawa, moto mdogo nyuma yake. Mhariri alinung'unika kwamba uso hauonekani. Nikamwambia muulize mtoto wako huyu mama anafanya nini. Mtoto akajibu, "Anaficha moto."

Nyumbani nisingelipata hilo hata kwa miezi sita. Na pale kituoni penyewe lilingoja skechi ya sita.

Wala usione ni shida ya sisi wa vibao tu. Januari 1937 serikali ya Hispania ilimwomba mchoraji Picasso picha kubwa ya banda lao kwenye maonyesho ya Paris. Miezi ikaenda, anazungukazunguka na wazo la mchoraji na mwanamitindo wake ndani ya studio. Tarehe 26 Aprili mji wa Guernica huko Hispania ukapigwa mabomu, na Mei 1 akaanza skechi za picha ya mji huo, ile inayoitwa Guernica. Michoro ya matayarisho inafika kama 45. Mpiga picha Dora Maar alikuwa anapiga picha ile kanvasi kadiri inavyoendelea, ndiyo maana leo tunajua alivyokuwa anabadili mawazo. Yule mwanamke anayetoa taa dirishani alikuwapo tangu siku ya kwanza, kwa mistari michache ya harakaharaka. Lakini katikati ya kanvasi mwanzoni palikuwa na mkono umeinuliwa juu, umekunja ngumi. Akaufuta. Farasi naye alikuwa kichwa chini, baadaye akamwinua kichwa. Kanvasi ya karibu mita nane ile! Yeye alirudia farasi, sisi soko tunataka mara moja?

Na usiende na raba. Mstari ukikosea, piga mwingine juu yake. Ukifuta, kesho hujui ulitokea wapi.

Hadibodi:
Shikamoo mzee. Mengine nakubali, ila hapa nitapinga kidogo. Mimi ni wa mtindo wa Tingatinga, nimefundishwa na mjomba pale Morogoro Stores, Dar es Salaam. Skechi za karatasi sina. Napaka rangi ya nyuma, ikikauka nashika chaki, nachora nyati, kazi imeanza. Mzee Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kwa vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, mwaka 1972 akafariki. Miaka minne tu, na njia aliyoifungua inatulisha mpaka leo.

Chui nimemchora pengine mara 400. Watu wanasema tunarudia, na kweli tunarudia, lakini kila chui kwangu ni skechi ya chui anayefuata. Siku moja mkia ulinitoroka ukagusa ukingo wa ubao. Rangi ya mafuta ile, ukianza kuifuta unachafua kila kitu. Nikauacha uende: ukapanda ukingo, ukapita juu, ukashuka upande wa pili, ukarudi chini ya miguu. Mkia ukawa fremu. Leo wateja wananiulizia "yule wa mkia".

Kwa hiyo dada, lichore hilohilo soko la mtu mwingine mara ishirini. Tuone kama mpaka ya ishirini litakuwa bado la mtu mwingine.

MzeeWaBrashi:
Marahaba. Mbona hatupingani? Daftari lako ni hadibodi, tena unaliuza. Mwenzio ana kanvasi moja na mteja mmoja.

MjukuuWaMpingo:
Babu yangu alikuwa mchongaji, Mmakonde wa Newala. Kwenye mpingo huna raba wala karatasi, ulichokitoa kimetoka. Kipande kipya alikuwa anakiweka mlangoni siku mbili tatu, kila akipita anakigeuza kwa mguu. Anatafuta ufa, anatafuta ule weupe wa nje ulipoingia ndani, anatazama kilivyopinda. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa skechi. Patasi ilikuja mwisho.

Na alikuwa anapenda kusimulia habari za mchongaji Samaki Likankoa, kwamba sanamu yake moja ilivunjika mkono, badala ya kuitupa akaendelea nayo vilevile, na kwamba huko ndiko ilikotokea ile mitindo ya sanamu za mashetani ambayo leo kila mtu anaijua. Mimi sikuwapo, nawapa kama nilivyopewa.

Dada, hapo sokoni kwenu kuna kitu gani kilichovunjika? Anzia hapo.

BintiTandale:
Wakuu, asanteni. Samahani nimechelewa kurudi, nilikuwa sokoni siku tatu. Karatasi ya saruji inachafua vidole, mzee hukuniambia!

Siku ya kwanza nilichora migongo na nyanya kama kawaida yangu, viberiti kumi, vyote vya dukani. Siku ya pili mvua ikanyesha, nikajibanza chini ya turubai la muuza dagaa. Mbele yangu kulikuwa na mtaro, juu yake wameweka ubao, na ubao umepasuka katikati. Maisha yangu yote nimepita pale na sijawahi kuutazama. Hapapiti watu wawili. Mwenye tenga kichwani anafika, anamwona mwenye mtoto mgongoni ng'ambo, anasimama. Mwenye mtoto anapita, anakanyaga pembeni ya ufa, wote wanakanyaga palepale, mpaka pembeni pamelika pakawa kama kikombe. Halafu mwenye tenga anapita. Hakuna anayesema kitu. @MjukuuWaMpingo, nilipouona ule ubao nilicheka peke yangu, muuza dagaa akaniuliza kama niko sawa.

Mpaka sasa nina viberiti 31. Nyanya hakuna. Kuna miguu, maji, na ubao.

Sasa shida nyingine. Ubao nikiulaza sawasawa, picha inakatika vipande viwili, juu watu, chini matope. Nikiulaza mshazari inachangamka, lakini mwenye tenga anaonekana anaanguka, wakati yeye amesimama tu anasubiri. Kile kusubiri kwake ndicho ninachokitaka. Nimejaribu kumtoa nje ya picha nikabakiza kivuli cha tenga kwenye maji (namba 22), kinakaribia, ila mama mwenye mtoto anaonekana kama anakimbia kitu. Mteja anataka kuona kazi mwisho wa mwezi na kanvasi bado imegeukia ukuta.

MzeeWaBrashi:
Iache hukohuko ukutani. Piga picha namba 22 na zile za mshazari, uziweke hapa tuzione. Na huyo mama, kabla hujambadilisha, rudi ukaangalie akifika katikati ya ubao anatazama wapi.

Hadibodi:
Hiyo 22 usiiguse!