Mwendesha mashtaka Mmarekani wa kesi ya Akayesu, Arusha

mkazi_Ngarenaro: Wadau, yule Mmarekani aliyeendesha kesi ya Akayesu, yule aliyekuwa meya wa Taba kule Rwanda, pale AICC (jengo la mikutano ilipokuwa mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda) alitokea wapi? Mdogo wangu anasoma sheria anamuulizia sana.

Sanawari_1: Mkuu huyo ni Pierre-Richard Prosper, wazazi wake Wahaiti, alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu kule Los Angeles akaja huku 1996, hukumu ikatoka Septemba 1998, ndo mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari na ubakaji ukahesabiwa humohumo. Ila kwangu mimi wale mashahidi wanawake wa Taba ndo walioibeba kesi, maana mwanzoni ubakaji haukuwemo kabisa kwenye hati ya mashtaka!

MamaK: Baadae Bush akamteua balozi wa masuala ya uhalifu wa kivita, 2001 mpaka 2005. Dogo aisome ile hukumu yenyewe, asikae kusimuliwa.