Nguo uliyoifuma mwenyewe ukaivaa mara za kuhesabu: tupeane uzoefu

Binti Langoni (mwanzisha mada)

Asalaam aleikum jamaa. Kusi limeshika. Leo alfajiri nilifungua kasha kutafuta shuka nzito, nikakutana na sweta yangu ya kijani. Nimekaa nayo mapajani hadi chai ikapoa.

Nilipomaliza sekondari niliambiwa huenda nikasomea ualimu Limuru. Mama aliposikia kwamba kule ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na kwamba Julai watu huota moto wa makaa, akasema mwanawe hatoki Amu, Lamu kwetu, bila sweta. Uzi mpya ulikuwa ghali. Alinunua sweta mbili za sufu za mitumba, tukazifumua. Uzi wa namna hiyo hutoka umejikunja kama nywele za mtoto, kwa hiyo tuliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, tukaufunga mafungu, tukauosha, kisha tukauanika huku jiwe limening'inia chini mpaka ukanyooka.

Kila baada ya alasiri tulikaa dakani, kibaraza cha mlangoni mwa nyumba. Mimi nilishika mgongo na kifua, yeye mikono. Alinianzishia vitanzi 96, akanifunza kuhesabu kimoyomoyo huku nazungumza, maana dakani wapitao hawakatiki na salamu lazima zijibiwe. Kitanzi kikiniponyoka hakuninyang'anya sindano. Alinionyesha kukifuata chini, safu baada ya safu, na kukipandisha tena. Mkono wa kushoto aliumalizia usiku wa kukatika umeme, kwa taa ya chemni, ukazidi wa kulia kwa vidole viwili.

Nafasi ilipotoka, ikawa Mombasa! Sweta ikalala sandukuni miaka yote ya chuo. Nimeivaa mara nne tu. Safari moja ya Nairobi, mara mbili kwenye boti ya kuvukia Mokowe, upande wa bara, alfajiri ya mvua tukiwahi basi, na usiku wa kwanza wa matanga ya mama. Usiku ule hakukuwa na baridi.

Leteni zenu. Sweta, kofia, hata soksi za mtoto.

Mja wa Malindi

Pole sana dada, Mungu amrehemu mama.

Yangu niliifuma darasa la sita. Sindano hatukuwa nazo, tulitumia spoki za baiskeli, tukizisugua ncha kwenye sakafu ya saruji mpaka zisitoboe vidole. Sweta ilikuwa ya mdogo wangu mchanga, rangi ya maziwa. Nilifuma kwa miezi mingi mno, na siku ya kumvisha kichwa hakikupita shingoni. Nililia. Halati, dada wa mama, akaichukua, akafungua bega moja, akatia vifungo vitatu, ikapita. Alivaa siku moja ya mvua za masika, wiki chache baadaye mikono ikamfupikia. Huyo mdogo wangu sasa ana ndevu, na juzi aliniuliza kama ile sweta bado ipo, mkewe ana mimba. Ipo. Vifungo vyote vitatu vipo.

Baharia

Mimi si sweta, ni kofia ya vito. Nilijifunza kwa ami yangu, barazani. Kitambaa cheupe tabaka mbili, unachora ua kwa penseli, kisha unatoboa tundu moja moja na kuzungushia uzi kila moja. Ukikaza sana kitambaa kinajikunja, ukilegeza tundu linajifunga kwenye kufua. Ilinichukua miezi minne, jioni za kutoka baharini, na ilibidi kuosha mikono kwa ndimu kwanza isinuke samaki. Niliapa kuiuza, wateja wakaja, sikuweza. Navaa Idi mbili na siku za Maulidi, basi.

Mama Shela

Binti Langoni, nimesoma yako mara mbili. Ikiwa ni sufu, usiitundike kambani, itavutika. Ilaze juu ya taulo kivulini. Na kasha la huku kwetu lina unyevu na nondo. Tia majani makavu ya mwarobaini ndani ya kitambaa, uikunjue kila kusi ipate upepo. Mimi nilipoteza shali nzima kwa kutolijua hilo, mashimo kama chujio.

Na huo mkono wa kushoto ukitaka ulingane na mwenziwe, nipitishie. Nafumua pale mwisho wa mkono tu, ni kazi ya jioni moja.

Binti Langoni

Ahsante mama yangu. Mwarobaini nimeshachuma, umeanikwa juu ya dari. Sweta nimeilaza kama ulivyosema.

Huo mkono naomba usiguswe. Naukunja mara moja, unanikaa.