Naomba ushauri: sakafu ya bahari ilipandaje juu ya bara?

Ndugu zangu habari zenu, nipo Kampala nasomea jiolojia na projekti ya mwisho nataka iwe ya ofiolaiti (ganda la bahari la kale lililopandishwa juu ya bara), maana ukivuka tu mpaka wa Amudat, kule West Pokot, kuna vipande vya sakafu ya bahari ya kale. Sasa ganda la bahari ni zito kuliko la bara, kawaida lenyewe ndo linazama, hapa lilipandaje? Kwa Oman nimeelewa, kati ya miaka kama milioni 95 na 70 iliyopita ukingo wa Arabia ulivutwa chini ya bamba la bahari, ukashindwa kuzama zaidi kwa wepesi wake, ukainuka na mzigo mgongoni, na chini ya peridotaiti (mwamba mzito wa chini ya ganda la bahari) kuna utepe wa miamba iliyopikwa na joto la ule msuguano na moto wa juu yake. Lakini huku kwetu miamba ilikunjwa ikapikwa upya kama miaka milioni 600 hivi iliyopita, zile lava za duaraduara zilizoganda chini ya maji unaweza uzipite usizitambue. Mliozoea fildi nishaurini, ili nithibitishe ni sakafu ya bahari, nianze kutafuta kromaiti (madini ya kromu) kwenye serpentinaiti, yaani peridotaiti iliyobadilishwa na maji, au nipime kwanza kemia ya basalti, yaani lava nyeusi iliyoganda? Hela ya maabara inatosha sampuli chache tu.