Mrejesho: mwezi bila kudokoadokoa baina ya milo

Assalamu alaykum. Niliuliza hapa vipi nitakaa mwezi mzima bila kula kitu baina ya mlo na mlo, maana Darajani, sokoni mjini Zanzibar, ninapofanya kazi, kachori, bajia na kashata hupita mlangoni mchana kutwa. Ahsanteni sana nyote mlionijibu. Mwezi umekwisha.

Ulionifaa zaidi ni ushauri wa dada aliyesema nianzie asubuhi. Chai ya sukari na mandazi nimeacha, nakula mbaazi za nazi kwa mkate, na yai nikipata. Zamani saa nne njaa imeshanishika, sasa naifika adhuhuri nimetulia kabisa. Mbaazi zina protini na nyuzinyuzi, hukaa tumboni. Maji pia yamesaidia, hasa kwa joto letu hili. Kutafuna karafuu hakukunisaidia.

Na kaka uliyesema nifunge Jumatatu na Alkhamisi, Mungu akulipe kheri. Siku hizo ndizo zilizokuwa nyepesi kuliko zote, kwa sababu nia imeshawekwa na hakuna cha kujadiliana na nafsi.

Alasiri ndiyo iliyonishinda. Nikirudi nyumbani harufu ya urojo hunisimamisha, na mara kadhaa nilikula. Ugenini nako sikukataa halua na kahawa. Kumrudishia mwenyeji sahani yake naona si vizuri, hata kwa ajili ya jambo hili.

Ya asubuhi naendelea nayo. Mwenye njia ya alasiri, tafadhali aniambie.